Piko ya Khairiya

"Nani aliyekwambia hii ni rangi?"

Daktari Jerioth aliuliza bila kuinua kichwa. Kwa mkono mmoja alishika tochi karibu na kisigino cha mdogo wangu, na kwa mkono wa pili alikuwa akipima kwa rula ya plastiki, rula ya mtoto wa shule. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi karibu na mlango, nimepakata mkoba wa Khairiya na kiatu chake kimoja. Ndani ya kiatu kulikuwa na damu iliyokauka. Nilikigeuza kikatazama chini.

Khairiya alivuta mtandio wake mbele.

"Watu, daktari," akasema. "Wanawake wa Maulidini."

"Piko haikai kwenye ngozi mwaka na nusu. Hata siku arobaini haimalizi."

"Sikujua."

Mimi nilijua. Niliukazia macho ukuta, palipobandikwa picha ya mbu, mpaka miguu ya yule mbu ikaanza kucheza.

Kazi yangu ni hina. Nimeifanya tangu nilipomaliza kidato cha nne, na mkono wangu wajulikana Mkomani nzima, mtaa wetu hapa Amu. Huitwa Shela, huitwa hata Faza kukiwa na arusi kubwa. Hina ya majani naisaga mwenyewe, naikanda kwa ndimu na chai ya rangi, naitandaza wayo mzima mpaka uwe mwekundu kama tofali. Ikishakauka na kubanduliwa, ndipo nachora juu yake kwa piko, ile nyeusi, maua na vikuba vya asumini na mashina yanayopanda mpaka kwenye kifundo. Wanawake wengi wa mji huu nawajua kwa nyayo kabla ya kuwajua kwa sura. Najua nani anatembea kwa upande, nani ana sugu ya ndara, nani mumewe hamnunulii viatu vya kumtosha.

Na najua hili, ambalo hakuna fundi asiyelijua: wayo hushika rangi kuliko mahali pengine popote mwilini kwa kuwa ngozi yake ni nene, lakini ngozi hiyo huliwa na sakafu kila siku, na rangi huondoka nayo. Siku kumi na tano, ishirini. Mtu mvivu wa kutembea, mwezi.

Tulizaliwa wawili, mimi na Khairiya, mimi nikimtangulia kwa miaka minne. Ngozi yake haikuwa na hata alama ya mbu. Alikuwa na kidoti kimoja tu nyuma ya bega, cha duara, cheusi, kama mtu amemgusa na ncha ya kalamu akaacha. Mama alikuwa akikibusu alipokuwa akimwogesha. Mimi nilipofika miaka kumi na sita nilianza kuota vipele vyeusi mashavuni na chini ya macho, vidogo, vigumu kidogo, kama pilipili manga iliyomwagika. Mama anavyo, na bibi alikuwa navyo. Lakini Mama alikuwa mtu mzima na mimi nilikuwa msichana. Mwanamke mmoja wa sokoni alinifundisha mafuta ya ganda la korosho. Nilijitia kwa njiti ya kiberiti, punje baada ya punje, huku nimeuma kanga. Yaliunguza barabara. Vipele vitatu viliondoka, vikaacha makovu, na vilivyobaki vikazidi kuonekana. Khairiya ndiye aliyenipaka asali wiki nzima. Kila aliponiinamia nilikuwa nikiutazama uso wake kwa karibu, nikitafuta kasoro hata moja.

Abdulhalim alikuja kwetu kutengeneza pampu ya kisima. Ni mtu wa Faza, fundi wa mashine za boti, lakini pampu pia anaziweza. Alikaa siku tatu, na siku zote tatu ni mimi niliyempelekea maji ya ukwaju. Siku ya mwisho alirudisha bilauri akasema, "Mkono wako una baraka, Bi Rawiya." Basi. Maneno hayo mtu angemwambia hata bibi kizee. Mimi niliyaweka, nikawa nayatoa nikiwa peke yangu, nikayapindua huku na huku kama kitambaa kipya.

Wazee wake walipokuja kuposa, nilijua wamekuja kwa nani mpaka niliposikia wakitaja jina. Mama alinifuata jikoni.

"Rawiya, wewe ndiye mkubwa. Una neno?"

"Sina neno, Mama."

"Kweli?"

"Mama, wali waungua."

Siku ya arusi nilimpamba mdogo wangu kwa mikono yangu. Kwetu mwari hupambwa na fundi wa ukoo wake, kama yupo, na hakuna aliyefikiri kuuliza kama nataka. Nilipougeuza wayo wake wa kushoto niliona kisiginoni, upande wa ndani, kitone kama punje ya ufuta. Nilidhani ni tone la piko lililoniponyoka. Nilikifuta kwa kidole, hakikufutika, nami nilikuwa na nyayo mbili na mikono miwili ya kumaliza kabla ya magharibi. Nikachora ua juu yake. Wanawake waliokuja kumtazama mwari walisema hawajapata kuona kazi kama ile, na nilifurahi, na furaha yenyewe iliniuma.

Miezi mitano baadaye, wakati wa Maulidi, wanawake walikusanyika kwetu kupakwa. Bi Fahima, jirani yetu mwenye sauti ya kusikika mitaa miwili, alikuwa ameketi mkekani karibu na Khairiya, akauona ule wayo.

"Hebu mtizameni huyu! Piko ya arusi mpaka leo haiyatoka!"

Wakainama wote. Kitone cha ufuta kilikuwa kimekuwa kama punje ya dengu.

"Si Abdulhalim huyo," akasema mwingine. "Mume ampenda hata nyayoni!"

"Hamuachi atembee, piko itatoka wapi?" Bi Fahima akapiga makofi. "Wangu mimi hina hutoka kabla sijashuka kitandani, kwa kutumwa!"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Khairiya alijifunika uso kwa mtandio, lakini mguu hakuuondoa. Kisha Bi Fahima akanigeukia. "Na wewe Rawiya, hiyo piko ya mapenzi wauza wapi? Au waficha kwa ajili yako?"

Nilicheka nao. Mwezi ule watu watatu walikuja kunitaka niwapake "piko ya Khairiya", nami nikawapaka ile ile ya kila siku. Kwao ilitoka baada ya siku ishirini. Wakaona kasoro ni ya waume zao.

Ningeweza kusema kwamba sikuwa na njia ya kujua. Nimejaribu kusema hivyo. Lakini nilikuwa nimeamini kama walivyoamini wao, mimi niliyekuwa na sababu zote za kutoamini, kwa kuwa nilikuwa nikitafuta hasa kitu kama kile. Nilitaka kujua Khairiya anapendwa kiasi gani. Niliwapima walipokuja kututembelea: Abdulhalim anavyomshikia mlango, anavyomchagulia mnofu wa samaki, anavyoita jina lake kwa kuvuta mwisho wake. Sasa nilikuwa na alama ninayoweza kuitazama. Kila nilipoitazama ilikuwa kubwa zaidi.

Siku ya mwisho ya Ramadhani Khairiya alikuja nimpake kwa ajili ya Idi. Ilikuwa baada ya adhuhuri, Mama amelala, nyumba kimya. Nilimwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu. Doa lilikuwa kama sarafu ya shilingi, lakini si duara. Ukingo wake ulikuwa umemenyekamenyeka, kama wino uliodondokea karatasi yenye unyevu. Katikati palikuwa peusi ti, pembeni kahawia, na upande mmoja palikuwa na rangi ya buluu iliyochafuka. Piko haina rangi tatu.

Nilitwaa jiwe la kusugulia miguu, nikalitia ndimu, nikasugua. Nilisugua kwa nguvu.

"Dada, waniumiza."

"Vumilia kidogo."

Nikasugua mpaka ngozi iliyokufa ikatoka, ikajaa ubapa wa jiwe kama unga. Nililisogeza jiwe kwenye mwanga wa dirisha. Ungekuwa umetoka kwenye rangi, ungekuwa mweusi. Ulikuwa mweupe. Na doa chini yake lilikuwa vile vile, halikupungua hata nukta.

Khairiya alikuwa akinitazama.

"Dada Rawiya, hebu nambia kweli. Hii ni kazi yako?"

Mengi yalinipitia kichwani kwa mara moja. Niliona nyumba nzima ikisimama kwa ajili yake tena, Mama akiamka, Abdulhalim akiitwa, mito ikipangwa, kila mtu akimwuliza yuwaumwa wapi. Niliwaona wale wanawake wakijua kwamba ile piko haikuwa kitu, wala mkono wangu haukuwa kitu. Na chini ya yote hayo kulikuwa na jambo dogo, chafu, ambalo nimechukua muda kulipa jina: sikutaka kuwa mimi wa kumwokoa. Wacha naye awe na kasoro.

"Ni kazi yangu," nikasema.

"Haki ya Mngu?"

"Haki ya Mngu."

Nilikuwa nimefunga.

Akaegemea ukuta, akafumba macho, akatabasamu. Nami nikatandaza hina wayoni, na ilipokauka nikachora waridi juu ya lile doa, petali saba. Sijapata kuchora ua zuri kama lile, si kabla wala baada.

Miezi minane baadaye doa lilipanda likawa uvimbe, likaanza kutoa damu. Alidhani amekanyaga kigae cha chupa. Ni mimi niliyesema twende hospitali. Hilo ni kweli, ingawa hakukuwa tena na cha kuficha.

Daktari Jerioth ni mtu wa bara, mwembamba, mwenye Kiswahili cha kunyooka na subira nyingi. Alimwomba Khairiya avue mtandio, akamkagua mwili mzima, mpaka kichwani, akizitenga nywele. Alipofika begani akakiona kile kidoti.

"Hiki unacho tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

"Kimebadilika?"

"Ndivyo kilivyo."

"Basi hiki kiacheni. Tazama," akaniita na mimi nije karibu, "nusu hii yafanana na nusu hii. Ukingo umetulia. Rangi ni moja. Ni kidogo kuliko kichwa cha penseli. Kimekaa miaka yote bila kusumbua mtu." Kisha akarudi kisiginoni. "Na hili linganisheni. Halina nusu zinazolingana. Ukingo hauna mpango. Rangi ni tatu, nne. Na kubwa kuliko yote, limekuwa likibadilika mbele ya macho yenu." Hakusema macho ya nani.

"Watu husema sisi weusi jua halituumizi," aliendelea, "kwa hivyo hatujiangalii. Kwetu sisi hili halingoji jua. Hupenda wayo, kiganja, chini ya ukucha."

"Hili nini?" Khairiya akauliza.

Alilitaja kwa jina la Kizungu kwanza, kisha akasema saratani. Alisema hawezi kuwa na hakika mpaka kikatwe kipande kipelekwe Mombasa kikapimwe, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshafika kwenye kinena, na niliona vilipokuta tezi iliyovimba vikasimama.

Tulipokuwa tukiondoka alinishika mkono akanigeuza uso kwenye mwanga.

"Na wewe umejichoma na nini?"

"Mafuta ya korosho."

"Vipele hivi ni vya ukoo. Mama yako anavyo?" Nikaitikia. "Havina neno. Havigeuki kuwa kitu kibaya. Usivichome tena."

Nilitoka pale nimeshika mkoba wa Khairiya, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa mwepesi kwa hatua tatu au nne. Kisha nikamwona mbele yangu, akitembea kwa ncha ya mguu ili asitie kisigino chini.

Mombasa walimkata nyama ya kisigino, wakachukua ngozi ya paja wakaziba. Wakaondoa tezi za kinena, lakini ugonjwa ulikuwa umeshapita. Daktari wa huko alimwambia Abdulhalim, nami nikiwa nimesimama nyuma yake, kwamba lingewahiwa likiwa dogo, lingali limelala bapa, wangelikata siku moja akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Abdulhalim aliuliza, dogo kiasi gani? Daktari alionyesha ukucha wa kidole chake cha mwisho.

Nilihesabu. Wakati wa Maulidi lilikuwa chini ya ukucha ule.

Khairiya alirudi Amu, akakaa kwetu kwa ajili ya Mama. Abdulhalim alihamia naye. Alikuwa akimsafisha kidonda mwenyewe, asubuhi na jioni, na hakumruhusu mtu mwingine, hata muuguzi aliyekuja kutufundisha. Alimbeba mgongoni kumpeleka kwenye boti ya kuvukia bara, ya Mokowe, kila walipoitwa Mombasa. Nilikuwa nikiwatazama kutoka dirisha la juu, mikono yake miwili imefungana kifuani pa mumewe, shavu lake begani. Mtu aliyekuwa akifa. Nami nilimwonea wivu. Naliandika hapa kwa sababu nisipoliandika nitaanza kujikumbuka kuwa mwema kuliko nilivyokuwa.

Kwa wiki nyingi nilingoja aniulize. Nilikuwa nimelipanga jibu. Siku moja tulibaki wawili, nikamlisha uji, na mdomo wangu ukaanza kufunguka.

"Khairiya, ile siku ya hina ya Idi..."

"Dada, uji una chumvi."

"Nimetia kidogo tu."

"Basi ni ulimi wangu," akasema, akageuzia uso ukutani.

Alifariki mwezi wa Rajabu, siku ya Jumatano, baada ya alfajiri. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha.

Miezi sita ikapita. Siku moja Mama aliniambia, huku akichagua mchele wala hanitazami, kwamba Abdulhalim ametuma mtu kuuliza kama anaweza kuja kuzungumza nami. Mama hakusema juu ya nini. Hakuhitaji. Si haramu, wala si jambo geni kwetu, mtu kumposa dada wa marehemu mkewe. Watu huona ni njia ya kuushikilia udugu usikatike.

Alikuja baada ya sala ya alasiri. Alikuwa amekonda, kanzu inamning'inia mabegani. Mama alitukaribisha sebuleni, akaingia chumba cha ndani, akauacha mlango wazi kama ipasavyo. Nilijua anasikia kila neno.

Tuliulizana hali kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nimekuja kwa usia, Bi Rawiya. Si kwa kujitakia tu. Khairiya alinambia, kama ni kuoa nikuoe wewe."

Jambo nililolitaka miaka yote lilikuwa limeketi mbele yangu kwenye kiti, limekunja mikono.

"Alikuwa na wasiwasi kwamba nitakulaumu," aliendelea. "Kwa vile wewe ni fundi, na watu wana maneno. Akanambia nijue kwamba wewe ndiye uliyeliona kabla ya wote. Kwamba siku ya hina ya Idi ulimwambia hii si piko, nenda hospitali. Na akakaidi. Ulimsihi mara mbili, akakufanyia mzaha. Alinishikisha mkono niape kwamba sitakusema kwa ubaya maisha yangu."

Nilimsikia Mama, chumba cha ndani, akiacha alichokuwa akikifanya.

Khairiya alikuwa ameupanga uongo huo kitandani, na maumivu yale, na ulimi usioweza tena kujua chumvi. Aliupanga vizuri, na siku, na idadi ya mara. Mimi wangu ulikuwa na maneno matatu tu, na kiapo. Hata kwenye hili, nikawaza, hata hapa mkono wake ni mzuri kuliko wangu. Na ule wivu wa zamani ukanipanda kifuani kama kawaida yake, haukujua kwamba mtu wake hayupo.

Ningenyamaza. Usia ulikuwa umetengenezwa ili ninyamaze.

"Hakukaidi," nikasema.

Abdulhalim akaniangalia.

"Aliniuliza, hii ni kazi yako? Nikamwambia ndio. Nikaapa. Na nilikuwa nimeshasugua kwa jiwe, nimeona unga mweupe. Nilijua si piko. Hakuna aliyemsihi."

"Ulijua ni maradhi?"

"Nilijua si rangi."

"Kwa nini, Rawiya?"

Hakusema Bi. Nilitafuta jibu lisilo na Abdulhalim mwenyewe ndani yake, sikulipata, na lile lenye yeye sikuwa na haki ya kumtwisha. Nikasema, "Nilikuwa na kijicho."

Aliweka viganja juu ya magoti. Nilifikiri atapiga kelele, na ingekuwa afadhali. Akauliza jambo moja tu: kama Khairiya alijua, alipokuwa akimwambia yale, kwamba si kweli.

"Alijua," nikasema. "Alikuwapo."

Akainuka, akavaa viatu mlangoni kwa tabu, kama mtu aliyesahau upi wa kulia. Hakuaga. Nilisikia hatua zake kichochoroni mpaka zikachanganyika na za watu wengine.

Mama alitoka ndani. Nilikuwa nimeketi chini, kwenye mkeka. Alikaa kwenye kile kiti alichokikalia Abdulhalim. Mimi nilingoja anifukuze, au alie, au anisomee dua ya kunilaani, lolote ambalo mama ana haki nalo.

Akavua ndara. Akanyoosha miguu yake yote miwili, akaiweka mapajani mwangu.

"Niangalie na mimi," akasema.

Nyayo zake zilikuwa kavu, zimepasukapasuka. Nilianza kwenye kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto, nikakitenga na mwenzake, nikatazama katikati, chini ya ukucha, kisha kinachofuata. Nilikwenda polepole sana. Nikimaliza ingenibidi niinue uso.